Kasoro Isiyokuhusu

Watu wengi wakitaka kununua kitu huuliza bei kwanza. Yeye huuliza kasoro. Anakwenda kutazama mashine ya gemu nyumbani kwa mtu, hajapewa hata kiti, tayari ameshauliza: "Kasoro yake nini?" Muuzaji akijibu kwamba haina kasoro, anaaga na kuondoka. Kwa imani yake, kitu kizima hakina sababu ya kuuzwa rahisi, na anayekiuza rahisi ni mwizi au ni mwongo. Basi watu wakamwita Kasoro, na mwenyewe akalipenda jina hilo mpaka akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake: FUNDI KASORO, VIOO VYA MADIRISHA NA MILANGO. Wateja wapya huwa wanasita kidogo pale nje kabla ya kuingia.

Ana miaka hamsini na miwili, tumbo dogo, na vidole vyenye makovu ya kazi. Aliwahi kuwa na mke, wakaachana bila ugomvi, na tangu hapo anaishi kwenye chumba cha uani nyumbani kwa dada yake. Mchana anakata vioo. Muda mwingine wote, ukimtoa usingizi, anawinda mashine za gemu, pedi za kuchezea, runinga na sidii za bei ya chini. Hana duka wala hafanyi ulanguzi. Anawinda kwa ajili ya nyumba yao, na kwa ajili ya yeyote atakayekuja kumwambia, "Kasoro, nitafutie." Malipo yake ni kuulizwa ameipata kwa bei gani.

Na elimu anayo. Anajua kwamba mashine ya zamani hushuka bei siku mpya inapotangazwa, si siku inapofika dukani; ukingoja ifike dukani utakuta wenzako wameshazoa. Anajua shule zikikaribia kufunguliwa wazazi huuza mashine kwa hasira, na mtu mwenye hasira si mgumu kwenye bei. Anajua anayehama nyumba huwa mkaidi wiki moja kabla, lakini siku mbili kabla ya gari la mizigo huwa mpole kama maji ya mtungini. Anajua pia kwamba kila mwaka hutoka gemu mpya ya mpira wa miguu yenye jezi mpya, na ile ya mwaka jana inashuka hadi bei ya kilo ya sukari, ingawa mpira ni uleule na goli ni lilelile. Wanaonunua mpya siku ya kwanza anawaita wafadhili. Anawaheshimu, maana bila wao yeye angenunua nini?

Akienda kutazama mzigo hubeba mkoba wake: waya wa umeme, waya wa picha, bisibisi ndogo, tochi, na sidii moja aliyoikwaruza kwa makusudi. Mashine ikiweza kuisoma hiyo, itasoma zote. Kabla ya kuiwasha huinama na kunusa matundu ya feni, kwa sababu mende wanapenda sana joto la mashine hizi na hawahami bila kuacha harufu. Mtu asiyemjua akimwona ameweka pua pale anaweza kudhani anaisujudia. Lakini miaka yote hiyo hajauziwa mbuzi kwenye gunia.

Siku moja alikwenda kwa muuguzi aliyekuwa anahama. Maboksi yalikuwa yameshafungwa, na mashine ilikuwa sakafuni juu ya taulo.

"Kasoro yake nini?"

"Haina neno, kaka. Mlango wa sidii tu ndio unagoma. Ukiweka sidii, inaitema."

"Inaitema!" Kasoro akashika shavu. "Sasa mashine isiyokula sidii ni mashine gani, ndugu yangu?"

Moyoni alikuwa anacheza ngoma. Gemu aliyoitaka inapakuliwa mtandaoni, haina habari na sidii hata kidogo. Aliondoka nayo kwa theluthi ya bei, na muuguzi akamshukuru kwa kumpunguzia mzigo.

"Siri ya rahisi," huwa anawaambia wanaokuja kuomba ushauri, "si kutafuta kitu kizima. Ni kutafuta kasoro isiyokuhusu." Mwalimu mmoja aliyetaka mashine ya wanawe, Kasoro alimpatia iliyoharibika kifaa cha kuingilia mtandaoni. Mwalimu akaguna. "Hiyo si kasoro, mwalimu," Kasoro akamwambia. "Hayo ni malezi."

Mashine ile isiyokula sidii ilikuwa ya mpwa wake, binti wa dada yake. Mpwa huyu ana miaka ishirini na minne na anapokea simu katika hospitali kubwa ya mji. Macho yake yalizimika kwa maradhi akiwa na miaka tisa. Hospitalini wanamwita Opereta. Madaktari wengi anawatambua kabla hawajasema neno, kwa jinsi wanavyovuta pumzi kwenye simu, na yupo mmoja ambaye anamtambua kwa jinsi anavyotafuna. Akirudi nyumbani anavua viatu, anakunywa chai, na anashika pedi.

Anacheza gemu moja tu, ya watu wawili wanaopigana. Anaicheza kwa masikio. Kila mpiganaji ana hatua zake, pumzi yake na ukelele wake wa kurusha teke, na sauti inakaa mahali mpiganaji alipo: akiwa upande huu unaisikia sikio hili, akikuruka kichwani unaisikia ikihama kwenda sikio la pili. Mpwa wake alijifunza yote hayo mwenyewe, kidogo kidogo, mwaka mzima. Sasa anajua mtu amerusha ngumi gani kabla ngumi haijafika. Kasoro ndiye mpinzani wake wa kila jioni kabla ya chakula, na katika miaka sita amemshinda mara mbili. Mara zote mbili binti alikuwa na mafua.

Hata runinga yao ilikuwa fahari ya Kasoro. Aliikuta kwa mwenye hoteli, kioo kimepasuka, nusu ya juu nyeusi tii. Mwenye hoteli alikuwa mtu mkweli, akamwonya: "Mzee, hii ni ya kutupa." Kasoro akauliza kama sauti inatoka. Sauti ilikuwa inatoka. Akaibeba karibu na bure, akacheka njia nzima, na mpwa wake alipopapasa ule ufa kwa kidole alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo wakicheza, wapiganaji wakiruka juu wanapotea kwenye weusi, na Kasoro analazimika kungoja waanguke ndipo ajue ni nani aliyepigwa. Jirani yake wa karakana, mchomeleaji wa mageti, aliposikia kwamba fundi vioo anatazama runinga yenye kioo kilichopasuka, alisema mganga hajigangi. Kasoro akamjibu kwamba katika nyumba yao ile ndiyo runinga pekee inayotenda haki.

Mwaka jana chuo cha ufundi kiliandaa mashindano ya gemu hiyo kwenye ukumbi wao, na Opereta akajiandikisha kwa jina hilohilo. Alipewa hedifoni za ukumbini, zilizolegea, zinazoingiza kelele zote za watu, akatolewa raundi ya kwanza. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma kilikuja baadaye. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Jamani, hebu tumpigie makofi dada yetu kwa kujitahidi!" Ukumbi wote ukasimama, ukapiga makofi marefu. Kijana aliyemshinda akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwomba radhi.

Njiani kurudi nyumbani, walipofika kwenye kona ya duka la mikate, Opereta akasimama.

"Mjomba, umewahi kuona timu ikashinda mpira, halafu ikaomba radhi?"

"Sijawahi."

"Nitakwenda tena mwaka ujao. Mara moja tu. Wakinipigia tena makofi yale, pedi yangu mpe mtoto yeyote wa jirani, sitaishika."

Kasoro alijua kwamba hatanii. Binti huyu aliwahi kuacha sukari kwa sababu ya ubishi, na hadi leo hajairudia.

Mwaka ukapita, tangazo likatoka. Safari hii kila mchezaji aje na pedi yake na hedifoni zake. Zikiwa zimebaki wiki mbili, dada yake Kasoro, mwanamke mwenye kilo zake na asiyezionea haya, akakalia hedifoni za binti yake kwenye kochi. Zilivunjika vipande vitatu.

"Kochi ni langu," alisema, akitazama vile vipande kwa majuto. "Nilikuwa nakaa tu."

"Si kitu, mama," Opereta akasema. "Mjomba, ukipita vibandani ninunulie zozote. Hata zile za waya za kuingiza masikioni, wanazouza pamoja na chaja. Zozote tu."

Kasoro alihisi ametukanwa. Mpwa wake aende mashindanoni na waya za kibandani, na yeye mjomba wake, Kasoro anayejulikana mji mzima, yuko hai? Akajibu "sawa, mwanangu" kwa mdomo, na kesho yake akatoka kuwinda.

Aliwinda siku nne. Siku ya nne alimpata fundi wa mitambo ya muziki aliyekuwa anasafisha stoo yake. Hedifoni zilikuwa kubwa, nyeusi, zenye mito laini ya ngozi, za aina ambayo watangazaji wa redio huvaa. Mpya zingekuwa na bei ya kumfanya mtu akae chini.

"Kasoro yake nini?"

"Sikio la kushoto limekufa."

Robo ya bei. Kasoro alilipa akakimbilia karakana, akazifungua kwenye meza ya vioo. Aliona ugonjwa mara moja. Waya unaopeleka sauti sikio la kushoto ulikuwa umekatikia ndani ya mpira, karibu na kichwa cha kuchomeka. Kuubadilisha wote kungemchukua siku nzima na kipuri ambacho hana. Lakini sikio la kulia lilikuwa zima. Akachukua kipande cha waya mwembamba, akakipitisha ndani ya ule upinde wa kichwani kutoka sikio la kulia hadi la kushoto, akachomelea kwa risasi pande zote mbili. Akazivaa. Zote mbili zikasema. Akasikiliza muziki, akasikiliza taarifa ya habari, akamwita mchomeleaji naye asikilize. Sauti safi, masikio yote mawili. Akasimama pale katikati ya vioo vyake huku akijisifu kimoyomoyo, na hakuwepo wa kumkatalia.

Jioni akampa mpwa wake. Alisimama mlangoni kama kawaida yake akiwa ameleta kitu, mikono mgongoni, akingoja. Binti alizipapasa, akazivaa, akacheza kama nusu dakika.

"Nzito," akasema.

"Nzito ndiyo nzuri."

"Asante, mjomba. Nzuri hizi."

Wakakaa kucheza. Yeye alivaa zile kubwa, Kasoro akafuata picha ya nusu kioo. Na jioni ile Kasoro akashinda. Akashinda tena kesho yake, na keshokutwa, na binti hana mafua. Akabaki mdomo wazi. Miaka sita ya kupigwa, leo mambo yamegeuka! Alifika karakana asubuhi akipiga mluzi, akamsimulia mchomeleaji pigo kwa pigo.

"Yaani umemshinda mtu asiyeona," mchomeleaji akasema, "halafu unakuja kututangazia?"

"Wewe humjui yule!" Kasoro akapaza sauti. "Yule ni simba! Ungekaa naye wewe usingemaliza dakika!"

Alidhani ni hofu ya mashindano inayomsumbua mpwa wake, na akaanza kumpa mawaidha, yeye aliyeshinda mara mbili katika miaka sita. "Unakaa mbali mno naye," akamwambia. "Msogelee." Binti akajibu, "Sawa, mjomba." Na akashindwa tena.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana Kasoro alikwenda kukata kioo cha duka la dawa, akagundua karatasi ya vipimo ameiacha kwenye suruali ya jana. Akarudi nyumbani. Mpwa wake alikuwa amechukua likizo siku hiyo. Kasoro alipokata kona ya uani akasikia gemu kupitia dirishani, sauti ikitoka kwenye runinga yenyewe. Alikuwa anacheza na watu wa mtandaoni. Kasoro akasimama. Akamsikia akishinda. Akamsikia akishinda tena, haraka, karibu bila kuguswa. Kisha pambano la tatu. Mikono ya Kasoro inaijua kasi ile, amepigwa nayo miaka sita.

Akazunguka hadi mlangoni, akakohoa. Ndani sauti ya runinga ikakatika. Alipoingia, Opereta alikuwa amevaa hedifoni kubwa nyeusi, pedi mapajani, ametulia tuli.

"Mwanangu," akasema, "nimekuwa dirishani."

Binti alizivua polepole, akaziweka juu ya goti.

"Hizi hazina kushoto, mjomba."

"Vipi hazina? Zote mbili zinasema!"

"Zinasema kitu kimoja. Zote zinasema cha kulia. Mtu akiwa kulia kwangu namsikia masikio yote mawili. Akienda kushoto namsikia kwa mbali, masikio yote mawili vilevile. Najua yupo. Sijui yuko wapi."

Kasoro akazichukua akazigeuza mkononi, akauona ule waya wake mwembamba akilini, ulivyopita vizuri ndani ya upinde. Alikuwa amechukua kitu kimoja tu ambacho binti huyu anakitumia kama macho, akakiondoa, akakifunika kwa mto wa ngozi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni."

"Nini?"

"Ukileta kitu huwa unasimama pale mlangoni. Hukai mpaka nikisifu. Nasikia unavyopumua." Akapapasa waya wa pedi. "Nilifikiri labda nitazoea. Halafu siku zikaenda, na wewe ukawa unafurahi kushinda, nikaona aibu kusema."

Kasoro akakaa kwenye ukingo wa kochi. Wiki nzima amekuwa akitembea mji huu amevimba kichwa!

"Kwa hiyo," akasema, "wiki nzima ulikuwa unanipigia makofi ya kujitahidi."

Hilo Opereta hakuwa amelifikiria hata siku moja, na lilipomwingia lilimwingia lote.

"Ndiyo," akasema. "Nisamehe, mjomba."

Kasoro alimkasirikia. Tuseme ukweli, alimkasirikia sana, na alijikasirikia mwenyewe zaidi. Kisha Kasoro akapangusa uso kwa kiganja.

"Usinifanyie hivyo tena. Kitu kibovu niambie ni kibovu. Nivunje moyo, nitaurekebisha mwenyewe."

"Na wewe nikikwambia zozote zinatosha, zinatosha."

"Sawa."

"Sio sawa ya mdomoni."

"Nimesema sawa!"

Karatasi ya vipimo ilibaki kwenye suruali, na mwenye duka la dawa akangoja mpaka akachoka. Wao walitoka wawili, binti ameshika kiwiko cha mjomba wake, hadi kwenye vibanda vya barabara ya hospitali. Mama mmoja alikuwa ametundika chaja, vifuniko vya simu na zile waya za masikioni kwenye vijifuko vya nailoni. Kasoro akanyoosha mkono akachukua moja, na mazoea yakamtangulia.

"Kasoro yake nini?"

"Kasoro?" Mama wa kibanda akashika kiuno. "Baba, hizi ni mpya! Hata karatasi sijafungua! Umekuja kununua au kuniletea mkosi?"

Kasoro akajikuta ameshageuka kuondoka. Nyuma yake mpwa wake alikuwa ameshafungua pochi na kulipa, bila kuomba apunguziwe hata senti. Akachomeka zile waya kwenye simu yake, akazitia masikioni, akainamisha kichwa.

"Kushoto," akasema. Kisha, "Kulia." Akatabasamu. "Twende."

Bei yake Kasoro aliisikia, na ilimchoma kuliko yote ya siku ile. Haikufika hata nusu ya alichotoa kwa zile kubwa.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa. Meza zilipangwa mstari, kila meza runinga mbili, na mshereheshaji alikuwa yuleyule. Alipomwona Opereta akiongozwa kwenye kiti chake, alianza kuvaa sauti ya huruma. "Na huyu hapa tena dada yetu mpendwa..." Hakupata nafasi ya kuendelea. Mpinzani wa kwanza, mwanafunzi wa umeme, alipigwa mbili bila, na pambano la pili lilikwisha kabla hajakaa vizuri. Ukumbi ukatulia. Watu hawakujua wafanye nini na mikono yao. Raundi iliyofuata alishinda mbili kwa moja, na hapo waliokuwa nyuma wakaanza kusogea mbele.

Raundi ya tatu akapangwa na kijana mwenye kofia ya sufu, ambaye watu walisema mwaka jana alifika fainali. Huyu hakumshika mkono wala hakumsalimia. Alipangusa viganja kwenye suruali, akavuta kiti, akamtazama kama mtu anavyotazama deni. Pambano la kwanza Opereta akachukua. Kijana akavua kofia akaiweka sakafuni. La pili akabadilisha mchezo: akamsimamisha mpiganaji wake, akaacha kusogea kabisa. Akiwa hasogei, hatoi sauti. Opereta alirusha ngumi hewani, akisikiliza kama itagonga kitu. Haikugonga. Akarusha nyingine. Kijana akangoja, akangoja, kisha akaingia mara moja kutoka kushoto na kummaliza.

"Si haki!" mtu akapiga kelele nyuma. "Anamvizia asiyeona!" Minong'ono ikaenea. Mshereheshaji akashusha kipaza sauti, akimtazama mwamuzi. Kasoro alikuwa ameshasimama, kidole juu, yuko tayari kuusimamisha ukumbi mzima.

"Mjomba, kaa," Opereta akasema bila kugeuka.

Akakaa.

La tatu lilikuwa refu. Kijana akasimama kimya, Opereta naye akasimama kimya. Ukumbi wote ukawa unatazama watu wawili wasiosogea, saa ya gemu ikihesabu kurudi chini. Jasho lilikuwa linamtiririka kijana kutoka sikioni hadi kwenye kola. Hatimaye yeye ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akaruka, Opereta akamsikia na kumdaka angani, wakaanguka, wakapigana kwa karibu, pigo kwa pigo, mpaka kila mmoja akabakiwa na uhai wa kuguswa mara moja tu. Aliyeguswa alikuwa Opereta. Kwa kidole kimoja.

Kijana akatupa pedi mezani. Akapanda juu ya kiti, akapiga ukelele uliowafanya watu wazibe masikio, akaruka chini, akaanza kukimbia kuzunguka ukumbi. "Nimemtoa! Nimemtoa Opereta!" Watu wakamzomea. Mwanamke mmoja akamwambia ana roho mbaya, hana haya, angekuwa na dada je? Yeye wala hakuwasikia. Mshereheshaji alikuwa ameinua mikono kutaka kuanzisha makofi, lakini kwa fujo ile hakuna aliyemtazama. Kasoro alisogea hadi kwenye kiti cha mpwa wake, ngumi zimekunjwa, akitafuta njia ya kumfikia yule mshenzi.

Opereta akamshika mkono wa shati.

"Mjomba, anafanya nini?"

"Nani? Yule? Amepagawa. Alipanda kiti, sasa anakimbia."

"Anakimbia wapi?"

"Anazunguka ukumbi. Amevua shati, analipeperusha. Ngoja nimkamate nimfunze adabu."

"Amekuja kuomba radhi?"

"Huyo?" Kasoro akacheka kwa uchungu. "Huyo hana radhi hata ya dawa."

Binti hakuuachia mkono wa shati. Alikuwa amegeuza uso kuzifuata zile kelele zinavyozunguka, kutoka mlangoni, kupita nyuma, kuja upande wa madirisha. Kasoro alimtazama usoni, akaona anatabasamu, na ngumi zake zikalegea zenyewe.

"Na sasa?" binti akauliza.

"Sasa amepiga magoti. Rafiki zake wanamwinua." Kasoro akajinyoosha kuona juu ya vichwa vya watu. "Analia, mwanangu. Kijana mzima, analia machozi kwa sababu amekushinda."

Binti akamvuta mjomba wake akae karibu, ili asikie vizuri.

"Niambie tena," akasema.